Pulsa iliyoonekana kubadilika kila baada ya miezi: uchambuzi wa kisa kimoja kutoka Arusha

Kisa hiki kilitokea katika taasisi moja ya elimu ya juu mkoani Arusha. Jina la taasisi, majina ya wahusika na tarehe nimeviondoa, na idadi moja mbili za vipimo nimezisogeza kidogo. Fizikia yenyewe sijaigusa. Nilikuwa msimamizi wa mwanafunzi anayezungumziwa, kwa hiyo sehemu ya makosa yaliyomo humu ni yangu. Yeye ameisoma rasimu na ameridhia itoke.

Usuli

Pulsa ni nyota ya nyutroni inayozunguka kwa kasi. Uzito wake unalizidi Jua letu, lakini umeshindiliwa ndani ya mpira wenye kipenyo cha kilomita ishirini na ushee, pungufu ya umbali wa kutoka Moshi mjini hadi Kibo. Mawimbi ya redio hutoka juu ya ncha zake za sumaku. Kila inapozunguka, mwale hutupitia mara moja kama kurunzi ya mlinzi anayegeuka pale pale aliposimama. Ya kwanza iligunduliwa na Jocelyn Bell mwaka 1967 huko Cambridge, Uingereza, akifanya kazi chini ya Antony Hewish. Ilikuwa ikipiga mara moja kila sekunde 1.337.

Pigo moja moja la pulsa ni kitu cha vurugu. Moja linakuja na kilele kimoja, linalofuata na viwili, la tatu halionekani kabisa. Ila ukiyakusanya mamia au maelfu na kuyapanga moja juu ya jingine kwa kufuata muda wa mzunguko, kazi ambayo maabara kwetu tunaiita kukunja, hutokea umbo la wastani lililotulia. Kila pulsa ina umbo lake, na anayeizoea huitambua kama unavyomtambua jirani kwa mwendo wake gizani.

Kutulia huko kuna mipaka. Mwaka 1970 Donald Backer alionyesha kwamba pulsa B1237+25 ina maumbo mawili ya wastani na huruka kutoka moja hadi jingine ghafla. Mwaka huohuo alieleza pia pulsa zinazonyamaza kwa mizunguko kadhaa kisha kuendelea kama kawaida. Baadaye zikaja habari kubwa zaidi. Mwaka 2006 Michael Kramer na wenzake walieleza B1931+24, inayosikika kwa siku 5 hadi 10 kisha kutoweka kwa siku 25 hadi 35. Inapokuwa hai, mzunguko wake hupungua kasi kwa takribani nusu zaidi ya inapokuwa kimya. Maana yake chembe zinazozalisha redio ndizo zinazobeba sehemu ya nguvu ya mzunguko kutoka kwenye nyota, na zikikoma, breki nazo hulegea.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu mwanafunzi wangu aliyasoma kabla ya kugusa data. Kichwani mwake, na kichwani mwangu, picha ya pulsa inayobadilika ilikuwa picha ya jambo la majuma na miezi.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya kawaida kwa shahada ya uzamili: kuchukua data za pulsa arobaini kutoka hazina ya wazi ya darubini ya redio ya Parkes, Australia, ile sahani ya mita 64 iliyozinduliwa mwaka 1961, na kupima kama maumbo yao ya wastani yamebadilika ndani ya miaka miwili. Arusha hatuna sahani ya kuzisikia pulsa. Lakini data za Parkes hufunguliwa kwa umma baada ya miezi 18, na programu za kuzichambua, kama PSRCHIVE, ni za bure. Alichohitaji ni kompyuta mpakato, bando na subira.

Bando na diski ndivyo vilivyobana. Faili moja la kipimo cha dakika nne lilikuwa na ukubwa wa makumi ya megabaiti, na kwa pulsa arobaini na vipimo vya miaka miwili, jumla ilikuwa inapita nafasi iliyobaki kwenye kompyuta yake. Mimi sikuwa mtaalamu wa pulsa. Eneo langu ni tabaka la juu la angahewa na namna linavyosumbua mawimbi ya redio. Mawimbi nayajua, nyota hizi nilikuwa nazijifunza pamoja naye.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Mwanzoni aliandika programu fupi iliyofanya kazi usiku, bando linapokuwa nafuu. Ilipakua faili, ikalikunja lote kuwa umbo moja la wastani, ikahifadhi umbo hilo lenye ukubwa wa kilobaiti chache, kisha ikafuta faili asilia. Faili hizo zilikuwa zimegawanywa tayari katika vipande vya sekunde 30. Programu ilivijumlisha vipande vyote na mgawanyo huo ukapotea. Aliniambia kuhusu mpango huu. Nilimwambia ni mzuri.

Baada ya majuma kadhaa alikuwa na maumbo ya pulsa zote arobaini. Thelathini na tisa zilikuwa zimetulia ndani ya kiwango cha kelele. Moja, iliyoandikwa kwenye orodha kama J1825-0935, haikutulia. Muda wake wa mzunguko ni sekunde 0.769. Umbo lake lina pigo kuu, na mbele yake, kiasi cha nyuzi 15 za mzunguko, yaani kama milisekunde 32 kabla, kuna pigo dogo. Tuliliita pigo tangulizi. Katika baadhi ya vipimo lilisimama wazi, katika vingine halikuwepo kabisa.

Alikuja ofisini na karatasi aliyochapisha maumbo yote 26 kwa mpangilio wa tarehe, kuanzia juu kwenda chini. Ninayo hadi leo. Ukipitisha kidole kwenye safu ya pigo tangulizi unaona: lipo, lipo, halipo, halipo, halipo, halipo, lipo, lipo, lipo. Pembeni yake alikuwa amechora mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika "kipindi cha ukimya, miezi minne". Nilitetemeka kidogo kwa furaha, lazima niseme. Hapo hapo nilimkumbuka B1931+24.

Tulifanya uhakiki, na ule tulioufanya ulikuwa mzuri. Swali la kwanza lilikuwa kama vipimo vyote vimechukuliwa kwa masafa yaleyale, kwa sababu umbo la pulsa hubadilika kadiri unavyopanda au kushuka masafa, na pokezi za Parkes ni zaidi ya moja. Aliona vitatu vimechukuliwa kwa pokezi nyingine, akavitoa na kuweka vitatu vya masafa sahihi. Swali la pili: je, pigo tangulizi si kelele ya hapa duniani, simu au rada? Mawimbi ya pulsa hucheleweshwa na elektroni zilizotawanyika kati ya nyota, na masafa ya chini huchelewa zaidi. Kwa pulsa hii, katika upana wa megahezi 256 kuzunguka megahezi 1369, tofauti ya kuchelewa kati ya ukingo wa juu na wa chini ni kama milisekunde 16. Kelele ya duniani hufika kwenye masafa yote kwa pamoja. Alipakua tena vipimo viwili vikiwa na masafa yaliyotenganishwa, na pigo tangulizi likafuata mteremko uleule wa pigo kuu. Lilikuwa linatoka kwenye nyota.

Hapo tukaandika ikisiri na kuituma kwenye mkutano wa kanda. Kichwa chake kilisema kwamba pulsa hii hubadili umbo kwa vipindi vya miezi.

Majuma sita baadaye alifanya mazoezi ya wasilisho maabara. Walikuwepo wanafunzi wanne, mimi, na fundi wa maabara, mzee wa Moshi aliyetumia miaka mingi kutengeneza redio na mitambo ya kurushia matangazo kabla ya kuja kwetu. Mwanafunzi alionyesha grafu: mlalo ni tarehe, wima ni urefu wa pigo tangulizi ukilinganishwa na pigo kuu. Vipimo 23 vilikuwa vya dakika nne nne, na kwenye grafu vilikuwa vimeshapangwa kuwa juu au chini tu. Vitatu vilikuwa vya saa nzima. Vile vitatu alivipa rangi ya kijani na kuviita "hali ya mpito", kwa kuwa vilikuwa katikati, si juu wala chini.

Fundi akanyoosha mkono. "Dada, hizi tatu za katikati, mbona ndizo zile ndefu?"

Mwanafunzi alianza kujibu kwamba ni bahati tu, kisha akanyamaza. Mimi nami nikanyamaza. Moja ya zile tatu ilikuwa mwanzoni mwa grafu, moja katikati ya kile tulichokiita kipindi cha ukimya, na moja mwishoni. Mpito hauwezi kuwa mara tatu, mbali mbali hivyo, na kila mara uangukie siku ileile ambayo watu wa Parkes waliamua kutazama kwa saa nzima. Kilichokuwa kinatofautiana ni urefu wa kutazama.

Usiku ule alianza kupakua upya faili za pulsa hii moja, bila kuzikunja. Ilichukua siku tatu kwa sababu umeme ulikatika mara mbili. Siku ya nne alichora kipimo cha kwanza cha saa nzima vipande vya sekunde 30 vikiwa vimepangwa ngazi kwa ngazi, vipande 120, kila kimoja na mapigo 39. Picha ilikuwa wazi kiasi kwamba haikuhitaji hesabu. Pigo tangulizi lilikuwepo kwa vipande kadhaa, likakatika ghafla kati ya kipande kimoja na kinachofuata, likakaa nje kwa dakika kadhaa, likarudi. Liliendelea hivyo saa nzima, na vipindi vyake havikulingana urefu.

Kulikuwa na kingine ambacho hatukukitarajia. Nusu mzunguko kutoka pigo kuu, yaani kama milisekunde 385 baadaye, kuna pigo hafifu la upande wa pili wa nyota. Katika umbo la wastani la dakika nne lilizama kwenye kelele. Alipojumlisha vipande vyote vyenye pigo tangulizi upande mmoja, na visivyo nalo upande mwingine, pigo lile la upande wa pili lilijitokeza kwenye kundi lisilo na pigo tangulizi tu. Ncha moja ikizungumza, ya pili inanyamaza. Nyota yenye upana wa kilomita ishirini na ushee, ncha zake mbili zinatazama pande tofauti za anga, na zinabadilisha zamu kwa wakati mmoja. Nilikaa naitazama picha ile kwa muda mrefu.

Kilichokuwa kimeandikwa tayari

Huu ndio mfadhaiko mkubwa wa kisa. Pulsa hii si mpya wala tabia yake si mpya. Inafahamika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwa na hali mbili, moja yenye pigo tangulizi na nyingine yenye pigo la upande wa pili, na hubadilishana kwa kawaida ndani ya dakika chache, ingawa hali moja inaweza kudumu kwa muda mrefu zaidi. Imeandikwa sana. Hatukuiona kwa sababu ina majina mawili.

Majina ya pulsa hutokana na mahali ilipo angani. Yale ya zamani yanaanza na B na hufuata ramani ya mwaka 1950, yale mapya yanaanza na J na hufuata ramani ya mwaka 2000. Kwa kuwa mhimili wa Dunia huyumba polepole, namba hazilingani. J1825-0935 ya orodha ya Parkes ndiyo B1822-09 ya machapisho mengi. Mwanafunzi alitafuta kwa jina la J peke yake, akapata machache, na hayo machache yalikuwa orodha za vipimo tu. Mimi sikumuuliza kama ametafuta la pili. Katalogi ya wazi ya pulsa inayotunzwa na Waustralia inaonyesha majina yote mawili mstari mmoja. Ingekuwa kazi ya dakika moja.

Alipotafuta kwa B alikutana na kazi ya mwaka 2010 ya Andrew Lyne na wenzake, iliyotumia data za miaka mingi za Jodrell Bank, kituo cha darubini za redio Uingereza. Kazi hiyo inaonyesha pulsa sita, B1822-09 ikiwa mojawapo, ambazo umbo lao la wastani na kasi ya kupungua kwa mzunguko wao hubadilika pamoja. Kwa hiyo mabadiliko ya muda mrefu yapo kweli. Nyota hubadilisha hali kila baada ya dakika chache, lakini uwiano wa muda inaoutumia katika kila hali nao husogea kwa miezi na miaka, na breki ya mzunguko hufuata.

Mwanafunzi, ambaye kwao ni Moshi, aliieleza hivi kwenye wasilisho la pili, nami sijapata namna bora zaidi. Kibo hujifunika na kufunguka ndani ya siku moja. Asubuhi mapema unaiona theluji, saa nne wingu limepanda, jioni pengine inafunguka tena. Mtu anayepita barabarani mara moja kwa mwezi na kutupa jicho mara moja ataandika kwenye daftari lake: imefunguka, imefunguka, imefunikwa, imefunikwa, imefunikwa. Kisha atatangaza kwamba mlima ulijifunika kwa miezi mitatu. Wakati huohuo ni kweli kwamba masika mlima hufunikwa zaidi kuliko kiangazi. Daftari la huyu mpita njia haliwezi kumtofautishia wingu la asubuhi na msimu wa mvua.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kukunja na kufuta. Ulitokana na gharama, na kwa pulsa 39 haukuleta madhara yoyote. Ubaya wake ni kwamba ulitupa mhimili wa muda kabla hatujajua kama tutauhitaji. Angeweza kubana masafa, kwa mfano kuacha chaneli 16 badala ya elfu moja na zaidi, na kubaki na vipande vya sekunde 30. Nafasi ingepungua karibu kiasi kilekile cha maana. Sikulifikiria hilo kwa sababu swali letu lilikuwa la miaka miwili, nikadhani ndani ya dakika nne hakuna kitu.

Uamuzi wa kuweka mstari wa katikati. Hapa kuna kosa dogo lililozaa kubwa. Urefu wa pigo tangulizi katika vipimo vifupi haukuwa wa namna mbili tu. Vingine vilikuwa juu, vingine chini, na karibu theluthi moja vilikuwa kati kati, kama inavyotarajiwa nyota inapobadilisha hali katikati ya dakika nne. Mwanafunzi alichora mstari, vilivyo juu yake akaviita "lipo" na vilivyo chini akaviita "halipo", ili grafu isomeke. Ilisomeka. Lakini vile vya kati, ambavyo vilikuwa ushahidi kwamba mabadiliko ni ya haraka, vilimezwa na mstari.

Uamuzi wa kutuma ikisiri. Huu ni wangu. Tarehe ya mwisho ilikuwa inakaribia, mwanafunzi alihitaji ufadhili wa safari, na uhakiki wa masafa na wa kelele ulikuwa umenipa ujasiri. Uhakiki ule ulijibu swali la kama mabadiliko ni ya kweli. Haukugusa swali la ni ya haraka kiasi gani, na neno "miezi" kwenye kichwa cha ikisiri lilikuwa la swali hilo la pili.

Uamuzi wa kuiondoa. Mwanafunzi alitaka kwanza tuibadilishe kimya kimya na kuweka kichwa kipya. Nilimsihi tuandike barua kwa waandaaji tueleze kilichotokea: kwamba vipimo vifupi vilitudanganya, kwamba tabia hii inajulikana, na kwamba tungependa kuwasilisha badala yake jinsi tulivyopotoka na tulivyogundua. Alilia siku ile. Haikuwa barua rahisi kwa mtu anayeanza. Ila aliiandika mwenyewe, na ilikuwa fupi na ya wazi.

Matokeo

Waandaaji walikubali wasilisho lililorekebishwa, likawekwa kwenye kikao cha mbinu za uchambuzi. Safari ilifadhiliwa nusu. Tasnifu ilichelewa muhula mmoja. Sura yake ya tatu ilibadilika kutoka tangazo la ugunduzi hadi jaribio la kupima uwiano wa hali mbili za B1822-09 kwa vipimo vifupi, na mtahini wa nje aliipa alama nzuri kuliko sura nyingine zote.

Uchambuzi

Naanza na kile kilichofanya kazi, maana kinasahaulika. Uhakiki wa masafa na wa kuchelewa kwa mawimbi ulikuwa wa kiwango cha juu. Bila huo, swali la fundi lingetufikisha kwenye hitimisho baya lingine, kwamba pigo tangulizi ni kelele ya mitambo. Tulijua tayari linatoka kwenye nyota, kwa hiyo lilipoanza kucheza ndani ya saa moja tulijua ni nyota inayocheza.

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kuwa na mtu asiye wa fani chumbani. Fundi hakusoma B1931+24. Alitazama grafu kama anavyotazama chombo kilichoharibika: nini kinatofautiana kati ya kinachofanya na kisichofanya? Miaka yake ya kufukuza mlio kwenye redio ilimfundisha kutoamini kitu kabla ya kujua kimepimwa vipi. Sisi wawili tulikuwa tumeshajaza hadithi. Rangi ya kijani ya "hali ya mpito" ilikuwa jina zuri lililotuzuia kuuliza.

Kuhusu ule mfululizo wa "halipo" mara nne, nimewapa wanafunzi wengine zoezi tangu hapo. Rusha sarafu mara 23 na uandike kichwa au mwenge. Mara nyingi utapata mfululizo wa aina moja wenye urefu wa nne au zaidi, bila sarafu kuwa na kipindi chochote. Jicho huona mfululizo na kuupa jina. Sisi tuliuita ukimya wa miezi minne.

Kuna somo la fizikia linalofaa kukaa nalo. Umbo la wastani la pulsa husemwa kuwa limetulia, na ndiyo msingi wa kuzitumia kama saa. Juni 2023 makundi ya watafiti wa Marekani, Ulaya, Australia, India na China yalitangaza ushahidi wa mawimbi ya uvutano ya masafa ya chini sana kwa kutumia saa hizo. Lakini hata miongoni mwa zilizo bora kuna zinazoteleza: Aprili 2021 pulsa J1713+0747, mojawapo ya zinazotegemewa sana, ilibadilisha umbo ghafla, kisha ikaanza kurudi taratibu. Utulivu wa umbo hutegemea umekusanya mapigo mangapi na kwa muda gani ukilinganisha na muda wa nyota kubadilisha hali. Dakika nne za B1822-09 ni mapigo 312. Kwa pulsa nyingi idadi hiyo hukaribia umbo lililotulia. Kwa hii, ni jicho moja kwa Kibo.

Je, data zetu zingeweza kuona mabadiliko ya polepole aliyoyaonyesha Lyne? Mwanafunzi alilikokotoa hili kwa makini, na ndiyo sehemu ya tasnifu ninayoipenda. Katika vipimo vifupi, sehemu ya muda yenye pigo tangulizi ilitawanyika kwa kiasi cha 0.4 kutoka kipimo hadi kipimo. Ukigawa data nusu kwa nusu, kila nusu ina vipimo 11 hivi, na wastani wa kila nusu una shaka ya 0.4 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 11, yaani 0.12. Tofauti kati ya nusu mbili ina shaka ya 0.17. Ili uamini kwamba uwiano umebadilika unahitaji tofauti ya angalau maradufu ya hiyo, kama theluthi moja ya muda wote wa nyota. Tofauti aliyoipata ilikuwa ndogo kuliko hapo. Kwa hiyo aliandika kwamba data hizi haziwezi kusema ndiyo wala hapana, na akaeleza vipimo vya nusu saa vingehitajika vingapi.

Kilichobaki kushindwa ni kwamba hatuna data zaidi. Mwishoni mwa Juni, usiku wa manane, nyota hii hupita karibu na utosi wa Arusha, nyuzi sita hivi tu kusini ya wima. Saa zile tungeweza kuisikiliza kila usiku kama tungekuwa na sahani ya kutosha, bila kusubiri kipande cha dakika nne kutoka upande mwingine wa bahari. Fundi ameanza kutengeneza pokezi ndogo ya masafa ya chini kwa ajili ya kufundishia. Haitaisikia B1822-09, na yeye anajua hivyo. Anataka wanafunzi wa mwaka wa kwanza waanze na Jua, na amesisitiza kwamba mashine ihifadhi kila sekunde bila kukunja chochote.